Mwalimu Anapelekwa Wapi

Maneno ya afisa elimu mstaafu katika mafunzo elekezi ya maafisa elimu wapya wa wilaya, Tanzania

Ndugu Mwenyekiti, maafisa elimu mlioteuliwa mwaka huu, maafisa elimu kata, na ninyi walimu wakuu mliokaa viti vya nyuma kusikia wakubwa wenu wanafundwa nini: habari za asubuhi. Wazee wangu mliostaafu kabla yangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie njia inayomfikisha mwalimu kwenye kiti cha afisa elimu wa wilaya, na namna ya kuongoza akishakikalia. Nimepewa dakika arobaini, kipindi kimoja cha Darasa la Tano, kwa hiyo mada itakuwa moja, nayo ni mgawanyo wa walimu. Mkiniona nimechepuka mnivumilie. Umri huu una ruhusa zake.

Kuna jambo ambalo barua zenu za uteuzi hazikulisema. Kiti mlichopewa kina mamlaka madogo kuliko kinavyoonekana kutoka nje. Sera inatoka Wizara ya Elimu, mtaala unatoka Taasisi ya Elimu, mtihani unatoka Baraza la Mitihani. Mthibiti ubora wa shule, yule ambaye sisi wa zamani bado ulimi unatuteleza tukamwita mkaguzi, ofisi yake iko wilayani kwako lakini taarifa zake zinakwenda wizarani. Kupanda daraja na mashauri mazito ya nidhamu ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Ajira ya mwalimu inatoka serikali kuu, na idadi yake hukuipanga wewe. Fedha, mwenye kauli ya mwisho ni Mkurugenzi wa Halmashauri. Bajeti inapita kwa madiwani. Halafu yuko Mkuu wa Wilaya, ambaye akisimama kwenye mkutano wa hadhara na kusema elimu imeshuka, uwanja mzima unageuka kukutazama wewe.

Sasa mezani kwako kumebaki nini? Kumebaki orodha ya shule, orodha ya walimu, na kalamu ya kupendekeza nani aende wapi. Uhamisho wa ndani ya halmashauri anausaini Mkurugenzi, lakini karatasi anayoisaini umeiandaa wewe, na katika siku nyingi za kazi hana muda wa kuuliza zaidi ya swali moja. Hapo ndipo uongozi wako ulipo. Nimewaona maafisa elimu wenye kauli nzito, wanaojua kupanga vikao na kuandaa taarifa zenye rangi nzuri, wakaondoka wilayani wakiacha mgawanyo wa walimu kama walivyoukuta. Hao kwa maoni yangu walikuwa wageni wilayani, hata kama walikaa miaka.

Nizungumze kidogo kuhusu njia yenyewe, maana vijana huniuliza ngazi ipi ni fupi. Mimi nilianza na cheti cha ualimu cha Daraja la IIIA, nikapangiwa Darasa la Kwanza katika shule ambayo basi lilifika mara moja kwa siku, kiangazi. Nikawa mwalimu wa taaluma, baadaye mwalimu mkuu. Nilikuwa mwalimu mkuu MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002. Ada ilikuwa imefutwa, na mlango wa shule ulipofunguliwa waliingia watoto wa miaka saba pamoja na kaka zao wa miaka kumi na mbili ambao hawakuwahi kukaa kwenye dawati. Tulijenga madarasa kwa ruzuku na kwa nguvu za wananchi. Walimu wapya wakaletwa baada ya mafunzo ya mwaka mmoja chuoni, na mwaka wa pili wakajifunzia kazini, mikononi mwetu. Wengi waliwabeza. Wengine wao leo ni walimu wakuu wazuri, na sishangai kama wamo humu ndani.

Kutoka hapo watu wengi hupitia uratibu wa kata, kazi ambayo siku hizi ndiyo Afisa Elimu Kata. Kisha makao makuu ya halmashauri: taaluma, elimu ya watu wazima, elimu maalumu, utamaduni na michezo, vifaa na takwimu. Dawati ambalo kila mtu hulikimbia ni hilo la mwisho. Takwimu wanamwachia yule mpole asiyelalamika. Nawaambia, kama ningekuwa na uwezo wa kuamua nani ateuliwe, ningeanza kutafuta huko. Afisa taaluma anajua matokeo. Afisa takwimu anajua kwa nini matokeo yako hivyo, kwa sababu kila mwaka anapokea fomu za shule zote na anaona shule ileile, miaka mitano mfululizo, ikiandika walimu wanne. Nilikaa kwenye dawati hilo, na ndilo lililonifundisha kazi kuliko kozi yoyote niliyohudhuria. Na kozi nazo nilizihudhuria, pamoja na ya uongozi wa elimu kule Bagamoyo. Nawashauri msizikwepe, hasa kwa mambo ya sheria na fedha.

Tuje kwenye hesabu. Chukueni mfano wa shule mbili. Ya kwanza iko mjini, karibu na stendi, ina wanafunzi 900 na walimu 30. Ya pili iko kata ya mwisho, ina wanafunzi 450 na walimu 4. Kiwango chetu shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ukizijumlisha shule hizo mbili unapata wanafunzi 1,350 na walimu 34, yaani mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40. Taarifa inakwenda mkoani ikisema tumevuka lengo, na kila tarakimu ndani yake ni ya kweli. Lakini mjini mwalimu ana watoto 30, na kule pembezoni ana zaidi ya 112.

Tuingie ndani ya shule ile ya pili. Madarasa saba na la awali, jumla nane. Walimu wanne, wote wakiwa wazima, wote wamefika, hakuna aliyekwenda kwenye msiba wala kufuata fedha za shule benki. Katika kila kipindi cha siku, madarasa manne hayana mtu. Mwalimu mkuu, ambaye ni mmoja wa wale wanne, anaandika taarifa unazomwagiza wewe kwa simu saa tatu asubuhi ukitaka zikufikie kabla ya saa sita. Sasa madarasa yasiyo na mtu ni matano. Na mwisho wa mwaka utamwita kikaoni umuulize kwa nini Darasa la Pili hawajui kusoma.

Linalouma zaidi ni hili. Wazazi wa shule ile hawakukaa kimya. Walichangishana wakamweka kijana aliyemaliza kidato cha nne afundishe kwa kujitolea, wanampa mahindi na posho kidogo. Tangu Waraka Namba 5 wa mwaka 2015 na Elimumsingi Bila Malipo ya Januari 2016, mzazi halazimishwi kuchangia. Lakini mzazi wa pembezoni anachangia kwa sababu haoni njia nyingine, wakati mzazi wa mjini, mwenye duka na mshahara, serikali imempa walimu wa ziada wanaopokezana kukaa kwenye ofisi ya walimu. Mwaka mzima tunasema elimu ni bure, kumbe tumepanga walimu kwa namna ambayo maskini ndiye anayelipia.

Msidhani ruzuku itaziba pengo hilo. Shule ya msingi imepangiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 zinakwenda kwenye akaunti ya shule na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 400 inapata 2,400,000, yaani laki mbili kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, kila kitu. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu nayo ni laki mbili kwa mwezi. Siilalamikii posho ile. Ilichelewa kuja na wanaistahili. Nawaonyesha tu kwamba shule nzima inaendeshwa kwa kiasi kilekile tunachomlipa mtu mmoja kwa kubeba jukumu la kuiongoza. Kwa hiyo kitu cha thamani kubwa ambacho serikali inakipeleka kwenye shule ni mwalimu mwenyewe na mshahara wake. Ukikosea kumgawa huyo, hutakuwa na fungu lingine la kusawazishia.

Kwa nini walimu wanarundikana mjini? Jibu la haraka, na nimelisikia likitolewa na watu wenye vyeo, ni kwamba vijana wa siku hizi hawana wito. Sikubaliani nalo. Mchukue binti wa miaka 24, hana ndoa, amepangiwa shule isiyo na nyumba ya mwalimu. Anapangishiwa chumba kisicho na kitasa cha maana nyumbani kwa mtu asiyemjua. Maji ni ya kisima, zahanati iko kata ya jirani, mtandao wa simu unapatikana ukipanda mlima. Baada ya mwaka na nusu anaolewa na askari au muuguzi aliyeko mjini, na anaomba kumfuata mwenza. Ombi lake ni halali. Huwezi kulikataa na ukabaki mwenye utu. Tatizo ni kwamba akiondoka, nafasi yake haijazwi, kwa sababu kila anayekuja baada yake naye ana sababu halali.

Tena ziko sababu zisizo halali. Kimemo. Mnazijua karatasi ndogo zisizo na kumbukumbu namba, au siku hizi ujumbe wa WhatsApp: "Huyu ni mdogo wangu, mwangalie." Unatoka kwa mtu ambaye kesho ataketi mbele yako kwenye kikao na kukuuliza mbona shule za pembezoni hazina walimu. Mtu yuleyule.

Nikaona dawa ya kimemo si ushujaa. Wapo wenzetu waliokuwa mashujaa, wakahamishwa ndani ya wiki, na wengine wametumbuliwa hadharani. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuitoa ikama ya kila shule, yaani hesabu ya walimu wanaotakiwa na waliopo, mafichoni. Orodha ya shule zote, wanafunzi, walimu waliopo, upungufu, ziada, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na iingie kwenye makabrasha ya kamati ya huduma za jamii kila robo mwaka. Diwani wa kata ya mwisho akiona shule yake ina walimu wanne na ya mjini ina thelathini, huhitaji kupigana wewe. Atapigana yeye, na ana kura za kupigania. Mwenye kimemo akija unamfungulia ukurasa: mheshimiwa, huyu nikimtoa hapa shule inabaki na walimu watatu, na orodha hii diwani anayo. Wengi wanarudi nyuma. Wachache hawarudi, na hao utawaheshimu, utatekeleza, na utaandika kwenye faili kwamba ni maelekezo.

Nimesema kuandika kwenye faili. Vijana, andikeni. Simu haina kumbukumbu namba.

Kuna kosa jingine la mgawanyo ambalo linafanywa na afisa elimu mwenye nia njema kabisa. Anaingia ofisini, anaona orodha, anakasirika, ndani ya mwezi anahamisha walimu sitini kwenda pembezoni. Fedha za uhamisho hana. Mwalimu anayehamishwa kwa matakwa ya mwajiri ana stahiki zake: posho ya kujikimu, nauli yake na familia, kusafirisha mizigo. Zisipolipwa zinakuwa deni, na deni la walimu halifi. Linakua, linakwenda kwenye chama cha walimu, linakwenda bungeni, linarudi kwako likiwa na riba ya chuki. Viongozi wa juu wamesema mara nyingi kwamba mwalimu asihamishwe kama fedha haipo, na kila mwaka kuna wilaya inayosahau. Afadhali uwahamishe wanane waliolipwa kuliko sitini waliofika wakiwa wamekukasirikia. Mwalimu aliyehamishwa kwa hila anafika kituo kipya mwili tu.

Wengine mtakumbuka mwaka 2017. Mambo mawili yalitokea. Uhakiki wa vyeti ulitoa watumishi 9,932 wa umma waliobainika na vyeti vya kughushi, na walimu walikuwa wengi humo. Mnajua athari yake ilianguka wapi? Kwa sehemu kubwa, kule kule. Shule ya walimu 30 ikipoteza wawili inaendelea na kazi. Shule ya walimu wanne ikipoteza wawili inafunga nusu ya madarasa. Mwaka huohuo walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa waliokuwa ziada wakahamishiwa shule za msingi. Kwenye karatasi ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mtu mwenye shahada ya historia, aliyezoea kidato cha tatu, anaambiwa akafundishe Darasa la Pili kuunganisha silabi, na mtaani anaambiwa ameshushwa cheo. Palikuwa na wilaya ambako walipewa barua, wakaambiwa waripoti, basi. Kwingine afisa elimu aliwaita, akakaa nao, akawaunganisha na walimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wenye uzoefu, na akawapanga madarasa ya juu kwanza kabla ya kuwashusha taratibu. Waraka ulikuwa mmoja. Nendeni muulize katika wilaya hizo ni wangapi waliobaki na moyo wa kazi.

Hapa nitachepuka kidogo niende mbali. Nilipokuwa masomoni nilisoma habari za Ella Flagg Young wa Chicago, Marekani. Kule mtu wa kiti kama chetu anaajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba, na bodi ikimchoka inamwondoa. Huyu mama alianza kufundisha mwaka 1862, akiwa bado hajatimiza miaka 20. Akapanda ngazi zote, mwalimu mkuu, msaidizi wa mkuu wa shule za jiji, akajiuzulu cheo hicho mwaka 1899, akaenda kusoma chini ya John Dewey na kupata udaktari mwaka 1900. Baadaye akaongoza chuo cha ualimu, na mwaka 1909, akiwa na miaka 64, akakabidhiwa shule zote za Chicago. Alikuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuongoza shule za jiji kubwa.

Utafiti wake wa udaktari ulihusu utengano ndani ya shule: wanaoamua wako juu, wanaofundisha wako chini, na kati yao hakuna mazungumzo isipokuwa maagizo. Aliona kwamba hali hiyo inamgeuza mwalimu kuwa mtekelezaji asiyefikiri, na mtu asiyefikiri hawezi kumfundisha mtoto kufikiri. Dawa yake ilikuwa mabaraza ya walimu, ambamo walimu wa darasani walijadili mitaala na uendeshaji, na maoni yao yakapanda juu. Bodi haikumpenda sana. Mwishoni mwa 1913 ilimweka pembeni, wanawake wa jiji wakaandamana na kupiga kelele mpaka akarudishwa. Alikaa hadi 1915 akaondoka kwa hiari.

Nimemtaja kwa sababu ya jambo moja. Alipofika juu alikuwa ameshakaa darasani na kwenye kila ofisi ya katikati, na bado aliona hajui kinachoendelea darasani mpaka aulize. Sisi tukishapewa gari, hata liwe bovu na la kugombania na idara nyingine, tunaamini tunajua. Mgawanyo mzuri wa walimu hautengenezwi ofisini peke yake. Waulizeni walimu wa pembezoni kitu gani kingewafanya wakae. Nilipouliza nilitegemea kusikia fedha, na fedha ilitajwa. Lakini kilichotajwa kwanza mara nyingi kilikuwa nyumba yenye mlango unaofungika, halafu kupangiwa wawili wawili ili mtu asiwe peke yake, halafu kujua ni lini atapata nafasi ya kuhama. Hilo la mwisho halina gharama. Mwambie mwalimu: ukikaa hapa miaka minne, jina lako litakuwa la kwanza kwenye maombi ya uhamisho wa ndani. Kisha uitunze ahadi hiyo, na mrithi wako aikute imeandikwa.

Nyumba nazo msizidharau mnapopanga bajeti. Tumejenga madarasa mengi. Fedha za UVIKO-19 peke yake zilijenga madarasa 15,000, shilingi milioni 20 kila moja, na mafundi wetu wa fosi akaunti, wale wa mtaani tunaowalipa moja kwa moja bila mkandarasi, walifanya kazi nzuri kuliko makandarasi wengi niliowahi kuwasimamia. Mwanasiasa anapenda darasa kwa sababu lina picha nzuri siku ya uzinduzi. Nyumba ya mwalimu haina uzinduzi wa maana. Lakini mimi ningepewa milioni mia kwa ajili ya shule isiyo na walimu, ningeanza na nyumba.

Nizungumzie matokeo, kwa sababu ndiyo yatakayowanyima usingizi. Mwaka 2013, baada ya matokeo mabaya sana ya kidato cha nne ya 2012, tuliingia kwenye mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa kwa rangi, kijani, njano, nyekundu. Wilaya zikashindanishwa, mikoa ikashindanishwa. Palikuwa na faida yake, sikatai. Kwa mara ya kwanza watu wengi walianza kuuliza kuhusu shule zao. Lakini shinikizo likishuka kutoka mkoani hadi kwa afisa elimu, kutoka kwake hadi kata, kutoka kata hadi kwa mwalimu mkuu mwenye walimu wanne, huyu wa mwisho anabaki na njia chache. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya Darasa la Saba ya shule zote za wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, na ya shule kadhaa za kwingineko kwa udanganyifu, na watoto wakarudia mtihani mwezi Oktoba. Shule zote za wilaya nzima! Jambo la namna hiyo halianzi kwa mtoto. Tangu mwanzoni mwa 2023 Baraza limeacha kutangaza shule zilizoongoza, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi. Mkiulizwa mtapandishaje ufaulu, leteni mezani ile orodha ya walimu. Ufaulu wa shule ya walimu wanne unapanda ukipata mwalimu wa tano na wa sita. Kambi ya Darasa la Saba usiku haiwezi kufanya kazi hiyo kwa watoto wa Darasa la Kwanza wasio na mtu mchana.

Kwenu maafisa elimu kata nina neno. Tangu mlipopewa pikipiki mwaka 2018 hakuna mtu katika halmashauri anayeziona shule mara nyingi kuliko ninyi. Afisa elimu anayewatumia kama matarishi wa kukusanya takwimu anapoteza macho yake. Lakini na ninyi msiandike kwenye kitabu cha wageni "nimetembelea shule, hali ni shwari." Andikeni saa mliyofika, madarasa mliyoyakuta na walimu, na madarasa mliyoyakuta bila walimu. Sentensi mbili zinatosha. Mwisho wa mwezi kusanyeni sentensi hizo zije wilayani.

Namalizia na wiki zenu za kwanza. Usiitishe kikao kikubwa cha kujitambulisha. Watu watapiga makofi, utatoa maagizo, na hakuna kitakachobadilika. Mwite afisa takwimu, mfunge mlango, akupe orodha ya kila shule: wanafunzi, walimu, umbali kutoka makao makuu, nyumba zilizopo na zinazokalika. Kisha usiiamini. Wape maafisa elimu kata siku kumi wahakiki kwa macho, jina kwa jina, maana kwenye orodha atakuwepo mwalimu aliye masomoni, aliye mgonjwa wa muda mrefu, aliyehama mwaka jana na jina halijamfuata, na pengine marehemu.

Na watakuwepo walioazimwa. Hawa wawekeeni alama nyekundu. Ni walimu wenye cheti na kituo cha kazi, lakini mmoja anachapa barua masijala, mwingine anasaidia ofisi ya uchaguzi tangu uchaguzi ulipokwisha, mwingine yuko idara ya ardhi na hakuna anayekumbuka aliendaje. Katika halmashauri moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, tulipowahesabu walitosha kujaza shule mbili za pembezoni. Kabla hujaomba kibali cha ajira mpya, kabla hujamwandikia mtu yeyote mkoani, anza na hao. Na kati yao anza na wale walioko ofisini kwako, wanaokuandalia taarifa, kwa sababu ukiwaacha hao na kuwagusa wa idara nyingine, wakuu wa idara watakuuliza swali ambalo hutakuwa na jibu lake.

Mwenyekiti, nimemaliza. Kwenye maswali naomba waanze maafisa elimu kata, kisha walimu wakuu wale wa nyuma. Hawa wa mbele wakianza, wengine hawatapata nafasi.